Kabla hujashika fimbo, shika daftari: namna ninavyosuluhisha wanafunzi

Katika mwaka wangu wa nne kwenye shule ya sekondari ya kata, wilayani Kilosa, Tanzania, wavulana wawili wa kidato cha pili walipigana bombani. Mmoja alipasuliwa juu ya jicho kwa ndoo. Mwalimu wa zamu aliwachapa wote wawili, akawaamuru washikane mikono, akaenda kufundisha kipindi chake. Siku nane baadaye wakakutana nje ya uzio, kila mmoja na kaka yake, na safari hiyo zikatumika fimbo za kuchungia. Yule aliyempiga mwenzake kwa ndoo aling'oka meno mawili ya mbele. Hakurudi shuleni mpaka muhula ukaisha.

Nilikwenda kumwona kwao. Nilimuuliza neno ambalo shuleni hakuna aliyekuwa amemuuliza: ilikuwaje? Akaniambia kuwa mwenzake alimbandika jina la "Lumbesa", yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa kuwa mama yake hubeba magunia siku za mnada. Kwa miezi mitatu alikuwa akiitwa hivyo na darasa zima likicheka. Siku ile bombani hawakugombania maji. Ndoo ilikuwa karibu na mkono tu.

Mwaka uliofuata nilikabidhiwa kazi ya malezi na ushauri, na sijaiacha tangu hapo. Namwandikia mwalimu mwenzangu aliyepewa kazi hiyo hiyo bila semina wala chumba, huku vipindi vyake vikiwa vile vile. Ninayoyaeleza nimeyafanya, mengine nikayakosea kwanza.

Muhula wa kwanza, andika tu

Usianze na klabu ya amani wala mabango ukutani. Nunua kaunta buku, ipige mistari, na muhula mzima uandike kila ugomvi unaokufikia, hata wa kusukumana. Yangu ina safu sita: siku na saa, mahali, waliohusika, kilichotangulia, tulichofanya, na siku ya kurudi. Safu ya nne ndiyo roho ya daftari. Niliandika "kilichotangulia" kwa makusudi, sikuandika "aliyeanza". Ukimuuliza mtoto nani kaanza, atakutajia mwenzake, na mwenzake atamtaja yeye, nawe utabaki hakimu asiye na shahidi. Ukimuuliza kilitangulia nini, anarudi nyuma mwenyewe. Kabla ya ngumi lilikuwapo tusi. Kabla ya tusi ilikuwapo kalamu iliyoazimwa Jumatano isirudi.

Muhula ukiisha, keti uhesabu. Kwangu zaidi ya nusu ya visa vilitokea mahali patatu: bombani, kwenye foleni ya uji saa nne na nusu, na pale njia panda nje ya uzio, wanakoachana wanafunzi wa vijiji vya bondeni na wale wanaopanda mlimani. Darasani, ambako ndiko tulikomweka kiranja mwenye kiboko, visa vilikuwa vichache.

Kwa hiyo tulianza na mambo yasiyofanana na somo la amani hata kidogo. Shule nzima ilikuwa na bomba moja, na aliyechelewa kurudi na maji ya usafi alichapwa. Watoto mia kadhaa, bomba moja, na fimbo inamsubiri wa mwisho: ungewakuta wanafanya nini kama si kupigana? Mkuu wa shule alikubali tugawe zamu za maji kwa mikondo, kila mkondo siku yake. Bodi ya shule ikaja kununua simtanki la lita 2,000. Foleni ya uji tuliikata mbili. Saa ya kutoka, mwalimu mmoja husimama njia panda dakika ishirini, anawasalimia wanaopita na kuwauliza habari za nyumbani. Kurasa za bombani zilianza kubaki tupu kabla hatujamfundisha mtoto yeyote neno "usuluhishi".

Na fimbo za kuchungia nazo tulizipatia njia. Watoto wa wafugaji hutoka mbali, wengine hupita porini alfajiri kungali giza, na fimbo ni sehemu ya mwendo wao. Tulipozipiga marufuku walizificha vichakani karibu na uzio, na huko ndiko zilikochukuliwa siku ya ugomvi. Sasa wanamkabidhi mlinzi getini, kila moja na alama ya mwenyewe, wanazichukua wakitoka. Mwalimu akimnong'oneza mlinzi kuwa fulani leo hajatulia, fimbo ya fulani hulala getini, na mwenyewe anasindikizwa na wenzake wa kijiji.

Ngumi zikiwa zimeshaanza

Watazamaji ndio kuni. Ukifika, usikimbilie wanaopigana, kimbilia duara. Wataje watu kwa majina yao, kwa sauti kubwa, na umpe kila mmoja kazi: wewe kamwite mwalimu wa zamu, wewe kachukue maji, ninyi watatu ingieni darasani. Duara likivunjika, nguvu ya wapiganaji hupungua, maana wengi wanaendelea kwa kuogopa kuonekana wameshindwa. Kisha waite wenyewe kwa majina, tena na tena. Usijitie katikati peke yako kuwashika wavulana wakubwa, na mwenye panga au kisu usimkaribie kabisa. Hapo kazi yako ni kuwaondoa wengine na kuita watu wazima.

Wakiachana, wapeleke mahali pawili wasipoonana. Mpe kila mmoja maji ya kunywa na ya kunawa uso. Tazama majeraha. Usiulize kitu. Mimi sikai nao mpaka ipite saa nzima walau, na wakipigana mchana nawakalisha kesho yake asubuhi, baada ya kuhakikisha wamefika nyumbani kwa njia tofauti. Mtu ambaye moyo bado unamwenda mbio hasikii anachoambiwa, na anachosema muda huo si chake.

Mkao

Kikao cha kuwasuluhisha nakiita mkao kwa kuwa jambo la kwanza ni kukaa. Natumia stoo ya vitabu. Tuna stuli tatu za kimo kimoja, zimewekwa pembetatu, na meza nimeisogeza ukutani. Ukikaa nyuma ya meza umeshakuwa polisi. Kabla ya kuwakutanisha, naongea na kila mmoja peke yake dakika tano, namuuliza kama yuko tayari. Akikataa, simlazimishi. Namwambia aje kesho, na kesho huja.

Masharti ni matatu. Anayesema hakatizwi. Hakuna tusi. Tutakayoyasema hayatoki humu, isipokuwa nikisikia kuwa kuna mtu anaumizwa au atakayeumizwa. Hilo nitalipeleka kwa wahusika, na nalisema mapema ili mtu asione nimemsaliti.

Halafu linakuja jambo ambalo ningekuomba ulishike hata kama mengine utayaacha. Mmoja anaeleza, na mwenzake, kabla ya kujibu, anarudia alichosikia, mpaka yule wa kwanza aseme "ndivyo". Nikupe kisa kimoja.

Wasichana wawili wa kidato cha tatu. Mmoja alimmwagia mwenzake uji kwenye sketi, foleni nzima ikitazama. Mwenye kumwaga alianza:

"Mwalimu, aliazima daftari langu la Bayolojia siku mbili kabla ya jaribio, akasema kalisahau kwao. Nikapata kumi na mbili. Halafu nikasikia anawaambia wenzake mimi kilaza."

Nikamgeukia wa pili. "Amesema nini?"

"Anasema nilichelewesha daftari."

"Ndivyo?"

"Sivyo, mwalimu. Nimesema aliniita kilaza."

"Rudia tena, mwanangu."

Akavuta pumzi. "Anasema nilikaa na daftari lake akafeli, halafu nikamwita kilaza mbele za watu."

"Ndivyo," akasema wa kwanza, na mabega yake yakashuka. Hilo la mabega nimeliona mara nyingi sana. Mtu aliyekuja na hoja kumi za kushinda, akisikia neno lake limetoka mdomoni mwa mpinzani wake bila kupunguzwa, hoja saba humtoka.

Ikawa zamu ya wa pili. Daftari lilibaki nyumbani kwa sababu alfajiri ile bibi yake alizidiwa, akampeleka zahanati, akaja shuleni moja kwa moja kutoka huko. Kuhusu kilaza, alisema hakukumbuka kulitamka. Wa kwanza naye akarudia yote, la bibi kwa sauti ya chini. Mimi sikuchunguza kama neno kilaza lilitamkwa au la. Ukiingia kwenye ushahidi utatoka na mshindi mmoja na adui mmoja. Niliuliza swali la pili la mkao, ambalo ni fupi: "Unataka nini sasa?"

Wa kwanza alitaka wale wasichana watatu waliosikia waambiwe kuwa yeye si kilaza. Wa pili alitaka sketi yake, maana anayo moja tu ya shule. Hakuna aliyetaka mwenzake achapwe. Tuliandika mistari mitatu: mmoja atafua sketi jioni ile kwa sabuni yake na kuirudisha kavu asubuhi, na mwenzake ataazimwa kanga ya kuvaa akienda nyumbani, mwingine atawaambia wale watatu, kwa majina yao, kabla ya Ijumaa, daftari la Bayolojia litasomwa na wawili wao, Alhamisi, baada ya vipindi. Wakatia saini. Makubaliano mazuri ni yale ambayo mtu wa tatu anaweza kuyaona yakitendeka. "Tutaheshimiana" haionekani. Sketi kavu inaonekana.

Samahani sikuwaomba waseme. Nilijifunza vibaya hapo. Miaka ya mwanzo niliwasimamisha wasichana wawili mstarini asubuhi, wakumbatiane mbele ya shule nzima. Walikumbatiana. Mmoja hakuja shule wiki mbili, na mama yake aliponijia alinieleza kwa upole kuwa binti aliona ameombeshwa radhi kwa mtu aliyemtukana marehemu baba yake. Nilikuwa sijauliza kilichotangulia. Tangu siku hiyo simlazimishi mtoto kutaka radhi wala kusamehe. Wanalipa kilichoharibika, na radhi huja kwa miguu yake, mara nyingi siku nyingine, mahali ambapo mimi sipo.

Utani una mpaka

Ukirudi kwenye safu ya nne ya daftari langu utakuta neno moja limejaa: jina. Kilaza, Lumbesa, Kibiongo, majina ya makabila, majina ya maumbile. Ukiwauliza watakwambia, "Nilikuwa namtania tu."

Hatuwezi kuwaambia watoto wa nchi hii wasitaniane. Utani ni mali yetu. Mpare na Mchaga hawawezi kukutana bila kurushiana neno, na msibani mtani anaruhusiwa kulala kaburini mpaka apewe chochote ndipo maziko yaendelee. Utani wa kweli ulikuwa dawa ya ugomvi: watu waliokuwa na sababu ya kuogopana walipewa ruhusa ya kuchekana. Kwa hiyo sifundishi kuacha utani, nafundisha mpaka wake, kwa kipindi kizima cha Uraia mwanzoni mwa kila mwaka.

Nawapa maswali matatu ya kujipima. Je, naye anaweza kukurudishia, mkacheka wote wawili? Je, unamgusa kwa jambo lisilo lake kuamua, kama mama yake, ulemavu wake, au umaskini wa kwao? Na akisema "basi", unaacha? Hili la tatu ndilo zito. Kila darasa tunakubaliana, kwa kunyoosha mikono, kwamba "basi" likitamkwa mara moja mchezo umekwisha, na anayeendelea hawezi tena kusema alikuwa anatania.

Kisha mtoto anayeumia anahitaji maneno. Wengi hawana. Wana kimya, halafu wana ngumi. Tunafanya mazoezi wawili wawili, wamesimama, kwa sauti: taja kinachokuuma, taja unachotaka, nyamaza. "Hilo jina linaniuma kwa sababu ya mama yangu. Niite jina langu." Basi, usiongeze tusi nyuma yake. Wiki ya kwanza wanacheka, hasa wavulana. Waache wacheke, rudieni tena wiki inayofuata. Sentensi ambayo haijawahi kupita mdomoni haitapatikana siku ya hasira.

Hapa Kilosa kuna jambo zito kuliko majina. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Wanafunzi wangu wa leo walikuwa hawajazaliwa, lakini wamekua wakiyasikia jioni, kila nyumba kwa upande wake. Kila kiangazi mifugo inaposhuka mabondeni kutafuta maji na majani, yale maneno huamka. Ng'ombe wakila mahindi Jumapili, Jumatatu naona ugomvi wa kalamu ambao si wa kalamu. Ndiyo maana Jumatatu asubuhi, kabla ya mstari, huwauliza wanafunzi watatu au wanne wa vijiji tofauti: kuna habari gani huko?

Zoezi lililonisaidia zaidi ni igizo la kubadilishana. Shamba limeliwa, wazee wanakutana. Mtoto wa mkulima anaigiza mfugaji, wa mfugaji anaigiza mkulima, na kila mmoja lazima atetee upande aliopewa kwa dhati, bila kubana pua, bila kuiga lafudhi. Wanapewa siku tatu za kwenda kuuliza: gunia la mahindi linahitaji palizi ngapi, ng'ombe anavumilia kiu siku ngapi, mtoto wa boma analala amekula nini ndama wakifa. Mvulana mmoja ambaye baba yake alikuwa amepoteza ekari mbili alisimama kama mfugaji akasema, "Mvua ikikosekana, wewe una ghala. Ghala langu linatembea, na lina kiu." Darasa lilinyamaza. Hakuwa amefundishwa na mtu, alikwenda kumuuliza mwenzake wa dawati la nyuma.

Lakini usilifanye igizo hili wiki ambayo kuna kesi hai kijijini, wala usitumie jina la shamba, ukoo au boma la kweli. Waarifu wazazi wa pande zote mbili kabla. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, nikapiga shikamoo, nikaeleza nitakachofanya na kwa nini. Yule laigwanani aliniuliza swali moja tu: nani atakuwa wa kwanza kusema? Nikamjibu kuwa watoto watapiga kura. Akaridhika.

Wanafunzi wanaosuluhisha

Mwalimu mmoja hatoshi, na ugomvi mwingi haumfikii. Kila mkondo una wasuluhishi wawili, msichana na mvulana. Usiwateue wewe, na usiwape viranja kazi hii. Gawa vikaratasi, kila mwanafunzi ajibu bila kuandika jina lake: ukiwa na shida nzito, ungemweleza nani humu darasani? Utashangaa. Majina yanayorudi si ya wale wanaong'ara mstarini. Mwaka mmoja lilirudi jina la mvulana ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandika kwenye daftari mara tano. Nilimchukua, na sijapata msuluhishi bora zaidi yake, kwa kuwa aliujua ugomvi unavyoanza.

Nawafundisha Alhamisi sita, saa moja moja. Kufika kwa utulivu, masharti matatu, kurudia mpaka "ndivyo", kuuliza "unataka nini", kuandika mistari inayoonekana, na kujua ya kunipelekea mimi. Hiyo Alhamisi ya mwisho ndiyo ndefu. Hawatoi adhabu, hawaandiki majina ya kupeleka ofisini, hawapokei chochote.

La majina lina uzito. Kiranja aliyepewa fimbo na karatasi ya wapiga kelele ana biashara mkononi: anayemnunulia andazi hufutwa, asiye na kitu huandikwa. Tuliwanyang'anya viranja fimbo kwanza, karatasi baadaye, na haikuwa rahisi. Baadhi ya wenzangu walisema madarasa yataungua kwa kelele. Kelele zilizidi kwa wiki tatu hivi, kisha zikarudi palepale zilipokuwa.

Yasiyoketiwa kwenye stuli

Mkao ni wa watu wanaolingana nguvu na waliokosana. Mwanafunzi mkubwa anayemnyang'anya mdogo nauli kila Ijumaa hajakosana naye. Anamwonea. Ukiwakalisha pembetatu utakuwa umemwambia mdogo atafute sehemu yake ya kosa. Hapo mlinde anayeonewa, mpe mtu wa kutembea naye, mshughulikie mwonevu na wazazi wake kando, na uangalie muda mrefu.

Ukatili wa kingono hausuluhishwi kamwe, na mtu yeyote, popote. Wala mimba ya mwanafunzi haimalizwi kwa ng'ombe wawili na mbuzi wa kufuta machozi. Nimekalishwa na wazee wenye heshima zao wakiniomba nilegeze, na nimewajibu kwa adabu kuwa sina mamlaka hayo: sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo cha kuanzia miaka 30 kwa ubakaji. Mtoto afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, na ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zihifadhiwe. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko inakotoka PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali. Mjulishe mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, kwa maandishi, ubaki na nakala. Namba 116, ya simu kwa mtoto, haitozi chochote, na nimeiandika kwa rangi nyuma ya mlango wa kila choo, mahali mtoto anaposoma bila kuonekana. Kama anayetuhumiwa ni mwalimu mwenzako, hatua ni hizo hizo, hata kama mnakunywa chai meza moja.

Silaha, vitisho vya kujiua, na vitisho vya kuchoma bweni navyo vinakwenda moja kwa moja kwa watu wazima. Kenya ilizika wavulana 67 baada ya bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli kuchomwa moto Machi 2001. Usiseme ni maneno ya watoto.

Fimbo yetu wenyewe

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo linaloudhi watu, nami nilichapa kwa miaka mingi. Siwezi kumwambia mtoto "ukikasirika tumia maneno" saa tatu, na saa nne akaniona nimekasirika nikatumia fimbo. Anachokichukua ni cha saa nne.

Wenzangu wakisema sheria inaruhusu, nawasomea sheria yenyewe. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila kimoja kiandikwe kitabuni. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Pima na ulichokiona asubuhi ya leo shuleni kwako. Kenya waliifuta fimbo mashuleni mwaka 2001. Na Uganda, wilayani Luweero, shirika la Raising Voices lilifanya kazi na walimu, wanafunzi na wazazi wa shule za msingi 21, zikalinganishwa na nyingine 21. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa, baada ya miezi 18, hatari ya mtoto kupigwa na watumishi wa shule ilishuka kwa asilimia 42. Ni shule kama zetu, madarasa yamejaa kama yetu.

Sikuwaomba wenzangu waache fimbo siku moja. Niliwaomba wacheleweshe. Mtoto akikosa, mwambie "tutaonana saa nane", kisha ufundishe. Saa nane makosa mengi yanaonekana ukubwa wake wa kweli, na yale yaliyobaki makubwa yanapata adhabu inayofanana nayo: aliyevunja kioo anamsaidia fundi kukiweka, aliyechelewa anafidia muda wake. Kufyeka majani vipindi vinne huku wenzake wanasoma Hisabati ni kumwadhibu na mwalimu wa Hisabati. Wawili kati ya wenzangu hawakukubali, na bado tunafanya kazi pamoja. Waliobaki, mmoja mmoja, waliacha fimbo ofisini, kisha wakasahau kuileta.

Siku ya kurudi

Safu ya sita ndiyo inayorukwa na walimu wengi, nami niliiruka mwaka mzima. Kila mkao uwe na siku ya kurudi, siku kumi baadaye, iandikwe wote wakiwa wamekaa. Siku hiyo waite wote wawili, hata kama unawaona wakicheka pamoja uwanjani. Soma ile mistari mitatu kwa sauti. Kwa kila mstari uliza: imefanyika? Usikubali "ndiyo" ya mmoja, subiri za wote wawili. Mstari uliovunjika uandikwe upya, pengine ulikuwa mzito mno tangu mwanzo, na upange siku kumi nyingine. Kisha uliza: kuna jipya lililozaliwa kati yenu? Mara nyingine liko, na ni dogo, na hapo ndipo bei yake ni ndogo.

Wale wasichana wa sketi walikuja wakiwa wamechelewa, walikuwa maktaba. Daftari la Bayolojia lilikuwa limetiwa jalada jipya la gazeti. Nilipiga mstari chini ya kisa chao, nikaandika tarehe, wakarudi darasani.